Fimbo ya dozi ya kichocho: maoni ya fundi charahani aliyeingia kazi ya afya

Naipa nyota 4 kati ya 5. Nimeanza na hukumu ili mwenye haraka aichukue aende zake. Aliyetulia abaki, maana hiyo nyota ya tano nimeinyima kwa makusudi.

Kitu chenyewe hukikuti Darajani wala soko la Chake. Ni fimbo ya dozi: ubao mwembamba unaomzidi mtu mzima kwa urefu, una mistari na namba. Unausimamisha ukutani, mtoto anausogelea kwa mgongo, unatazama utosi wake umefika wapi, na mstari unakwambia ameze vidonge vingapi vya kichocho. Hauna betri, hauna skrini, haukuombi neno la siri. Katika vyote nilivyokabidhiwa nilipoingia kazini kwenye shirika la kimataifa la afya lenye ofisi hapa Chake Chake, Pemba, ni huu pekee nilioufahamu kwa kuutazama tu. Na ni huu niliobishana nao sana.

Mie ni fundi charahani wa Wete. Nimeshona sare za skuli, kanzu za Idi, mabuibui na magauni ya harusi mpaka vidole vikawa vinaijua nguo bila ya macho. Shirika lilitangaza nafasi: lilitaka mtu wa kuzunguka skuli na shehia za kaskazini wakati wa ugawaji wa dawa, awe anajua kuandika na kupiga hesabu, na asione tabu kukaa barazani na kina mama akawasikiliza. Kuandika namba na kusikiliza kina mama ndiyo kazi ya fundi toka asubuhi mpaka magharibi. Nikaomba, nikapata. Mama mkubwa alipopata habari akaniita.

"Mwanangu, watu unawapima kila siku. Huko unakwenda kufanya jipya gani?"

"Kuwapima, Mama mkubwa. Ila badala ya kanzu wanapewa vidonge."

"Na mshahara?"

"Mwisho wa mwezi, inshaallah."

"Basi kapime," akasema, akarudi kwenye mchele aliokuwa akiuchagua.

Vitu vyengine vya kazi mpya nitavipitia mbio. Kishikwambi ni kizuri, ila juani huoni kitu mpaka ujifunike mtandio. Kizibao chenye nembo kimeshonwa na mtu asiyejua kwamba mfuko hubeba vitu: mshono mmoja tu, haukurudiwa, na pembe hazikukazwa. Changu nilikishona upya nyumbani, na sasa wenzangu wote wananiletea vyao, bure. Masomo ya mtandaoni ni mengi, kifupisho juu ya kifupisho, lakini lile la ulinzi wa watoto nimelipenda, na linaihusu fimbo moja kwa moja: usimguse mtoto kabla hujamwambia unataka kufanya nini, wala usibaki naye peke yenu nyuma ya mlango. Mikutano na wenzetu wa Uingereza huanza saa tatu yao, ambayo kwa miezi kadhaa ya mwaka ni saa sita yetu, na adhana ya adhuhuri hutukuta katikati ya jedwali la bajeti. Wameshazoea. Hunyamaza mpaka muadhini amalize.

Tuje kwenye fimbo. Dawa ya kichocho ni prazikwanteli. Kidonge kina miligramu 600, na kipimo kinachotakiwa ni miligramu 40 kwa kila kilo ya mwili. Kwa hiyo mtoto wa kilo 15 humeza kimoja, wa kilo 30 viwili, mtu wa kilo 60 vinne. Hesabu nyepesi, ukiwa na mtoto mmoja na mizani nzuri. Sasa chukua skuli yenye watoto mia kadhaa. Wa asubuhi wanataka kutoka, wa mchana wameshajaa uwanjani. Sakafu imepasuka, mizani ukiiweka hapa inasema kilo 24, ukiisogeza pale inasema 26, na mwalimu ameshika kalamu anagawanya. Mpaka adhuhuri mko darasa la pili. Mwaka 2001 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani uliweka lengo la kuwafikia angalau asilimia 75 ya watoto wa umri wa skuli wanaoishi penye ugonjwa huu, na mpaka leo ofisini kwetu hiyo 75 inatajwa kuliko tarehe ya mshahara. Kwa mizani huifikii.

Fimbo inaifuta hesabu yote. Kuanzia sentimita 94 mpaka 110 ni kidonge kimoja. Hadi 125, kimoja na nusu. Hadi 138, viwili. Hadi 150, viwili na nusu. Hadi 160, vitatu. Hadi 178, vinne. Aliyepita hapo, vitano. Hao kwetu si wengi, na akitokea mmoja foleni nzima hugeuka kumtazama. Mwalimu mmoja anasoma mstari na kutamka namba, mwenzake anatoa vidonge, wa tatu anatia alama kwenye daftari, aje anayefuata. Nusu si tabu, kidonge kina mistari ya kukivunjia, ingawa kuna walimu wanaokivunja kwa meno ya mkasi na nusu moja ikarukia chini ya kabati. Mwalimu asiyewahi kuishika fimbo anaijua kabla chai haijapoa.

Ubishi wangu ulianza siku ya mafunzo. Fundi yeyote atakwambia urefu peke yake haukati nguo. Nimewashonea sare ndugu wawili waliolingana mabega, na suruali ya mmoja ingeweza kumfunika mwenzake mara mbili. Nikanyamaza mbele ya wakubwa, kisha nikamvaa mwenzangu wa maabara tukiwa garini.

"Hebu nambie. Mwembamba na mnene, urefu mmoja. Mnawapa sawa?"

"Tunawapa sawa, dada."

"Na usingizi mnapata?"

Akacheka, akatoa kalamu. Tuchukue, alisema, wasichana wawili wa sentimita 137. Mmoja ana kilo 26, mwengine 38. Fimbo inawapa vidonge viwili kila mmoja, yaani miligramu 1,200. Mwembamba amepata kama miligramu 46 kwa kilo, mnene kama 32. Hakuna aliyepata 40 barabara. Lakini kinachokubalika ni kuanzia 30 mpaka 60, na wote wawili wamo. Prazikwanteli si dawa inayokasirika kwa kupungua au kuzidi kidogo.

Hapo nikatulia, maana hata kanzu huachiwa nafasi ya vidole. Baadaye nikajua kwamba fimbo haikuzuka tu kichwani mwa mtu. Mwaka 2001 Antonio Montresor na wenzake, Lorenzo Savioli akiwa mmoja wao, walichapisha matokeo ya kuijaribu kwa vipimo vya urefu na uzito vya watu wa Afrika kusini mwa Sahara, na walio wengi sana waliangukia humo kati ya 30 na 60. Savioli huyohuyo alikuwa akifanya kazi hapa Pemba miaka ya 1980, wakati inatafutwa njia rahisi na ya bei nafuu ya kukijua kichocho kwa kutazama damu kwenye mkojo wa watoto wa skuli. Kaka yangu mkubwa anakumbuka kwenda skuli na kikopo. Kwa hiyo, tukisema ukweli, kisiwa hiki kimechangia mkojo mwingi kwenye elimu ya dunia, na sidhani kama tumewahi kushukuriwa.

Sasa ubora wa kitu chenyewe. Nimetumia za namna mbili, na hazilingani.

Ya kwanza ni bango la plastiki la kubandika ukutani. Jepesi, linakunjika, linaingia mkobani, na ofisi inalipenda kwa sababu linapanda boti bila ya kuulizwa. Mie silipendi. Kuta za skuli nyingi zina chokaa inayobanduka, gundi haishiki, na jua likipanda bango linaanza kuteremka. Linateremka pole pole, huku watoto wakirefuka pole pole, na hakuna anayeona. Tena plastiki iliyokunjwa ikalala kwenye joto la gari haikunjuki sawasawa, inabaki na tumbo katikati.

Yote hayo ningeyasamehe. Nisilolisamehe ni bango jipya tulilopokea likinukia wino. Nilitoa futi langu. Fundi hakubali kipimo cha mwenzake, ni tabia mbaya lakini ndiyo tuliyolelewa nayo. Nikalinyoosha toka chini mpaka mstari ulioandikwa 125. Futi likasema 121 na kitu. Nikaenda 150, futi likasema 145 na nusu. Nikawaita wenzangu wakapima kwa futi langu, kisha kwa tepu ya chuma ya dereva, majibu yaleyale. Duka lililochapisha lilikuwa limeupunguza mchoro mzima ili uenee kwenye karatasi yao. Kwa macho ni bango zuri kabisa, rangi zimekolea, nembo imekaa mahali pake. Lakini mtoto wa sentimita 123, ambaye haki yake ni kidonge kimoja na nusu, pale angeandikiwa viwili. Asingedhurika, ile nafasi ingemsitiri. Zidisha hiyo nusu kwa skuli nzima, vidonge vinakwisha na watoto bado wamesimama. Meneja wetu aliandika barua ndefu kwa Kiingereza. Mie nililiandika bango lenyewe kwa wino mwekundu: USITUMIE.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa yeyote anayeanza kazi kama hii, liwe shirika lolote: usiamini fimbo mpaka uipime. Mstari wa 94, wa 125 na wa 160 vinatosha.

Ya pili ni ya mbao, kazi ya seremala. Vipande viwili vimeungwa kwa bawaba, unaikunja kuingia garini, unaikunjua na kuifunga kwa kipete kidogo. Hii ndiyo niliyoipa nyota zote hizo. Haiteremki. Inasimama yenyewe ikiegemezwa, hata kwenye mti wa mwembe, hata kwenye nguzo ya msikiti tukiwa barazani. Namba zimepakwa rangi ya mafuta, mvua ya masika haikuzifanya kitu. Uzito wake ni tabu kwa anayetembea kwa miguu, na bawaba ikilegea kipande cha juu kinainuka kidogo, ikaingia karibu sentimita moja ambayo hakuna aliyeizaa. Kaza skrubu kila unapoanza skuli mpya. Dereva wetu anayo bisibisi na anaona fahari kuulizwa.

Watoto nao wana mambo yao. Mtoto wa skuli akimuona mwalimu ameshika ubao mrefu, jambo la kwanza analolifikiria si dawa. Nimeona darasa zima la kwanza wakificha mikono nyuma. Sasa kabla ya kuanza naiweka fimbo chini, nawaita wailalie, wajipime wenyewe kwa wenyewe, wacheke. Muda unaopotea hapo unarudi mara mbili kwenye foleni. Wakishazoea wanaingia upande wa pili: kila mmoja anataka kuwa mrefu kuliko mwenzake, na visigino vinaanza kupanda. Walimu wengi hutazama kichwa. Tazama visigino, kichwa hakitakimbia. Hili silo jambo nililofundishwa na shirika. Ni kwamba kila mtoto niliyempima suruali maishani mwangu alitaka kwanza nione kwamba amekua.

Ndara zivuliwe. Kofia ivuliwe. Kwa wasichana ni suala la heshima, ushungi hauvuliwi uwanjani na hakuna haja. Nywele zilizofungwa juu chini ya mtandio zinaweza kuongeza sentimita tatu, nne. Nachukua daftari lenye gamba gumu, namwambia, "Mwanangu, naliweka hili juu ya kichwa, nalikandamiza kidogo, sawa?" Akikubali, naliweka sawa na ubao, nasoma. Ikiwa kilemba cha nywele ni kikubwa mno, mwalimu wa kike anampeleka kando akakilegeze. Sakafu iwe tambarare. Kwenye udongo naweka kipande cha mbao cha kusimamia, na fimbo nayo inakaa juu ya mbao hiyohiyo. Usisahau nusu hii ya pili, vinginevyo umempandisha mtoto peke yake.

Kwa watu wazima, tunapogawa dawa mitaani, fimbo inapungukiwa na adabu. Haijui kwamba bibi aliyekaa jamvini hapendi kusimamishwa na kugeuzwa mgongo ukutani mbele ya majirani. Kina mama tunawapima ndani, mimi na sheha wa kike au jirani. Wanaume tunamwachia mwenzangu. Lakini Wete wananijua, na kuna mzee mmoja alikataa katakata.

"Mie nishapimwa nawe kanzu tele. Urefu wangu umo kwenye daftari lako."

"Babu, kanzu nilikupima toka begani. Dawa inaanzia utosini."

"Basi jumlisha kichwa."

Tulijumlisha kichwa. Alisimama mwenyewe baadaye, nilipompigia hesabu kwa sauti nikamtia kwenye vidonge vitatu na jirani yake ameshapewa vinne.

Jambo ambalo fimbo haikuulizi kabisa ni kama mtu amekula. Na hili ni kubwa. Prazikwanteli ni chungu, na ikikuta tumbo tupu inaleta kichefuchefu, maumivu ya tumbo, kizunguzungu. Yanapita siku hiyohiyo, lakini mtoto akitapika mbele ya wenzake foleni inakufa. Skuli ikipika uji kabla, mambo huenda. Pasipo uji tunawaambia wazazi siku moja kabla, kupitia sheha na walimu wa vyuo vya Qur'ani, kwamba mtoto asitoke bila ya kula, uwe muhogo, liwe andazi, chochote. Ramadhani hatugawi. Na nimewaambia ofisi, kwa sababu aliyeipanga ratiba alikuwa mbali, kwamba Jumatatu na Alhamisi wapo wanafunzi wakubwa wanaofunga sunna. Ratiba ikabadilishwa kwa skuli za wakubwa. Hiyo nampa nyota aliyeibadilisha, fimbo haihusiki.

Kosa jengine si la fimbo yenyewe bali la ndugu yake. Kwetu Zanzibar kampeni ya kumezesha visiwa vyote dawa ya matende na mabusha ilianza mwaka 2001, na ivamektini, moja ya dawa zake, nayo hupimwa kwa urefu. Fimbo yake ni nyengine: sentimita 90 mpaka 119 kidonge kimoja, 120 mpaka 140 viwili, 141 mpaka 158 vitatu, kupita hapo vinne. Ukiziweka pamoja zinafanana kabisa. Mbaya zaidi, mahali pengine zinakubaliana: mtoto wa 130 ni viwili huku na viwili kule, kwa hiyo aliyechukua fimbo isiyo yake anaweza kufanya kazi muda mrefu asishtuke. Halafu anakuja wa 112, fimbo ya matende inampa kimoja na ya kichocho ilitaka kimoja na nusu. Nimeiona mbao moja iliyopigwa mistari ya matende upande mmoja na ya kichocho upande wa pili, eti kubana matumizi. Usikubali. Fimbo hugeuka, na anayeigeuza huwa na haraka. Mie zangu nimezifunga vitambaa, buluu ya kichocho, nyekundu ya matende, vipande vilivyobaki kwenye sare.

Sasa nyota niliyoinyima. Mstari wa chini kabisa wa fimbo ni 94. Chini ya hapo hakuna kitu, mbao tupu. Mama mmoja alinijia na watoto watatu, wawili wakapata vidonge, wa tatu, amebebwa kiunoni, akabaki.

"Huyu mbona humpi?"

"Dada, hajafika mstari."

"Mstari hajafika, lakini mtoni anafika. Nikifua yeye yumo majini mpaka kifuani."

Sikuwa na jibu la kumpa, kwa sababu alilosema ndilo lililoandikwa kwenye vitabu vyote nilivyopewa kusoma. Vijidudu vya kichocho hutoka kwa konokono wadogo wa maji baridi, wale wa vijito na madimbwi na mabonde ya mpunga, vikaingia mwilini kwa kupenya ngozi. Havisubiri mtoto aanze darasa la kwanza. Mtoto naye akikojoa majini anarudisha mayai, konokono wanaanza upya. Ukiwaponya kaka zake wawili ukamwacha yeye, umemwacha mlango wazi.

Wakubwa wa dunia wanalijua hilo. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya unaosema dawa itolewe kuanzia umri wa miaka 2, na watu wazima pia wamo, pamoja na wajawazito waliovuka miezi mitatu ya mwanzo. Kwa wadogo kabisa kimetengenezwa kidonge chao, cha miligramu 150, kinachoyeyuka kwenye maji, kwa watoto wa kuanzia miezi 3 hadi miaka 6. Mamlaka ya dawa ya Ulaya ilikipa maoni ya kukikubali Desemba 2023. Nimesoma hayo yote ofisini, chini ya feni. Mkobani mwangu nilikuwa na vidonge vya miligramu 600 na ubao unaoanzia 94. Nilimwandikia mama karatasi ampeleke mtoto kituo cha afya, apimwe mkojo na uzito, mwenye ujuzi aamue. Alikwenda, nilifuatilia. Lakini mama mmoja aliyekwenda hanitoshi. Kwa kila aliyekwenda wapo waliorudi nyumbani kwa sababu kituo ni mbali na nguo zimebaki mtoni.

Nimelipeleka jambo hili kwenye mkutano wa saa sita. Nikaambiwa ni hoja nzuri na imeandikwa. Nimeshajifunza kwamba kwenye mashirika kuandikwa ni hatua, si jibu, kwa hiyo kila mkutano naiuliza tena, kwa upole, kabla adhana haijaanza. Fimbo itakayopata nyota ya tano kwangu ni ile itakayokuwa na kitu cha kusema chini ya 94, hata kama ni mstari mmoja wa kijani ulioandikwa "mpeleke kituoni leo". Huo mstari nimeshaupaka kwenye ya kwangu. Ofisi haijalalamika.

Kwa anayetaka ya mbao: msimpe seremala picha, mpeni vipimo vilivyoandikwa kwa sentimita na mkae naye akichora mistari. Mbao iwe imekauka kweli, mbichi itapinda kabla ya Maulidi. Rangi ya mafuta, si kalamu ya wino. Bawaba ya shaba, ya bati inaota kutu kwa hewa yetu ya chumvi. Wangu alinitoza shilingi 25,000 na kipete juu. Yupo nyuma ya soko la Wete, utasikia randa kabla hujamuona. Mwambie ni ya kichocho, umwambie mara mbili, maana akiwa na ya matende iliyokwisha atakuuzia hiyo.